Legio Maria ni akina nani? Kanisa la kanzu za rangi na maneno yanayolizunguka Kanda ya Ziwa

Tangu habari za msitu wa Shakahola huko Kenya, ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga mpaka kufa, zilipotufikia Aprili 2023, mtu akivaa kanzu ya ibada barabarani ameshahukumiwa. Hapa Mwanza, kaa stendi ya Nyamhongolo asubuhi pale mabasi ya Musoma na Sirari yanapopakia. Atapita mama mwenye kanzu ya buluu na kitambaa cheupe kichwani, nyuma yake mzee wa kanzu nyekundu na msalaba mrefu wa mbao mkononi. Hawajafika mbali minong'ono inaanza. Mpiga debe anasema hao ndio wale wanaofunga mpaka kufa. Kijana mmoja anambishia: hao ni Freemason. Mama Mkatoliki aliyekaa juu ya begi lake anakuja juu, maana yeye ni mwanachama wa Lejio ya Maria parokiani kwake na amechoka kuulizwa kwa nini havai kanzu kama wenzake.

Watu wa kanzu hizo ni waumini wa Legio Maria, kanisa lililozaliwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, zaidi ya miaka 60 iliyopita. Aprili 2025 maneno yaliongezeka, polisi wa Kenya walipovamia kanisa moja huko Opapo, Kaunti ya Migori, na kuwatoa watu 57 waliokuwa wakiishi ndani ya uzio wake. Kanisa lile lilikuwa na jina jingine. Lakini Migori ndiko uliko mlima mtakatifu wa Legio Maria, na kwa watu wengi hilo lilitosha kufunga kesi.

Naandika kwa sababu maneno haya yanawaumiza watu. Mtoto anayetoka nyumba yenye kanzu hizo anabandikwa majina shuleni, na mama yake anakosa wateja gengeni kwa jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Legio Maria wana fundisho moja zito ambalo Mkristo wa kanisa jingine hawezi kulimeza, na ana haki ya kulikataa hadharani. Ila mengi yanayosemwa juu yao mitaani hayagusi fundisho hilo, na mengine ni uzushi mtupu.

Chama cha parokiani na kanisa la kanzu

Tuanze na yule mama wa stendi, kwa sababu malalamiko yake ni ya haki. Lejio ya Maria aliyomo yeye ni chama cha kitume cha walei, yaani waumini wasio mapadri wala watawa, ndani ya Kanisa Katoliki. Kilianzishwa Dublin, Ireland, mwaka 1921 na Frank Duff, mtumishi wa serikali. Huku kwetu kililetwa na Edel Quinn, binti wa Ireland aliyekuwa anaugua kifua kikuu. Alifika Kenya mwaka 1936, akazunguka Afrika Mashariki na hata visiwa vya Bahari ya Hindi akiunda vikundi, mpaka alipofia Nairobi mwaka 1944. Wanachama hukutana kila wiki wakiizunguka meza yenye sanamu ya Bikira Maria, husali rozari, kisha hugawiana kazi: huyu amtembelee mgonjwa, yule amfuate jirani aliyeacha kusali. Kanuni zao zinawazuia hata kugawa fedha au chakula katika ziara hizo. Wanakwenda na sala na maneno ya faraja, na wote wako chini ya paroko.

Legio Maria ni kanisa kamili. Lina papa wake, makadinali, maaskofu, mapadri na masista, na halipokei amri kutoka Roma. Waumini wako Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo, na viongozi wake huwahesabu kwa mamilioni. Watafiti wa dini huliweka miongoni mwa makanisa makubwa kabisa yaliyowahi kujitenga na Kanisa Katoliki katika Afrika.

Kufanana kwa majina hakukutokea kwa bahati. Wengi wa waumini wa mwanzo walikuwa Wakatoliki waliolelewa katika chama kile cha parokiani. Humo ndimo walimojifunza kusali rozari nyumbani bila padri, kuwaombea wagonjwa na kuongoza mkutano. Legio Maria ni kama binti aliyeondoka kwa mama yake na vyombo vyote vya jikoni: sufuria ni zilezile, mwiko ni uleule, hata harufu ya chakula inakudanganya ukipita nje, lakini sasa anapika kwake, kwa chumvi yake, na mama hana amri tena juu ya jiko hilo. Ndiyo maana Mkatoliki mzee akiingia ibada yao kwa mara ya kwanza anasikia yuko nyumbani kwa dakika kumi, kisha anasikia jambo linalomshtua.

Mama aliyezika watoto wawili

Kanisa hili lilianza kujitokeza miaka ya mwanzo ya 1960 miongoni mwa Wajaluo wa Nyanza. Mwaka 1963, mwaka ambao Kenya ilipata uhuru, mama kijana Mkatoliki aitwaye Gaudencia Aoko, akiwa na umri wa miaka 20 hivi, alipoteza watoto wake wawili siku moja.

Mzazi hahitaji kuelezwa zaidi. Na mtu wa kando ya ziwa, awe wa Ujaluoni au wa Usukumani, anajua swali linalofuata baada ya msiba wa namna hiyo. Haliulizwi kwamba wamekufa kwa ugonjwa gani. Linaulizwa: ni nani? Swali hilo linampeleka mtu kwa mganga kupigiwa ramli, na ramli inampeleka mpaka mlangoni kwa jirani, mara nyingi jirani mwenyewe akiwa bibi kizee asiye na mtetezi. Sisi wa Mwanza na Shinyanga tunalijua hilo kwa uchungu. Vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni kwa miaka mingi. Ndugu zetu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa sababu waganga waliahidi utajiri. Kwa hiyo tusizungumze kuhusu hofu ya uchawi kana kwamba ni habari ya watu wa mbali.

Wamisionari wa Mill Hill, ambao ndio waliolea Ukatoliki wa Nyanza, walikuwa na jibu lao: uchawi ni ushirikina, usiuamini, waombee marehemu. Kwa mtu asiyeogopa, jibu hilo linatosha. Anayeogopa linamwacha peke yake usiku. Akienda kwa mganga ametenda dhambi, asipokwenda hana ulinzi, na padri yuko misheni mwendo wa nusu siku.

Aoko alitoka katika msiba wake na jibu jingine. Alikubali kwamba ubaya upo na unaua. Hapo akasimama na majirani zake. Kisha akawaambia dawa yake haipo kwa mganga: leteni hirizi, tuzichome moto, shikeni rozari, mwombeni Bikira Maria, mbatizwe. Alizunguka vijijini akihubiri, naye mwanamke akabatiza watu kwa makundi, bila kuwasubirisha miaka ya mafundisho kama ilivyokuwa kawaida misheni. Waliokuwa wamefungiwa sakramenti kwa sababu ya ndoa za wake wengi nao walipata pa kuingilia. Umati ulikuwa mkubwa, na katika miaka michache tu harakati hiyo ilikuwa na makumi ya maelfu ya watu.

Naliweka hili mbele ya mafundisho ya kanisa lenyewe kwa makusudi. Anayedhani watu waliingia Legio Maria kwa ujinga, au kwa kudanganywa na mavazi, hajajiuliza yeye angekimbilia wapi siku ile.

Simeo na Mama Maria

Mwenzake Aoko katika mwanzo huo alikuwa Simeo Ondeto, Mjaluo kutoka humohumo Nyanza, aliyefariki tarehe 5 Septemba 1991. Hapa ndipo penye mgogoro wenyewe, kwa hiyo twende polepole.

Wakristo wote wanakiri kwamba Mungu alijifanya mtu katika Yesu, akazaliwa katika taifa moja, akazungumza lugha moja, akala chakula cha watu wale. Wanakiri pia kwamba atakuja tena. Legio Maria wanafundisha kwamba ujio mwingine umekwisha kutokea, na kwamba Masihi aliwajia watu weusi katika mwili wa Simeo Ondeto. Kumwita mwanzilishi au nabii mkubwa, kama baadhi ya magazeti yanavyofanya, ni kupunguza wanachokiamini. Katika sala zao wanamtaja kwa heshima ambayo Mkristo mwingine huiweka kwa Kristo peke yake.

Pamoja naye yuko Mama Maria, bibi kizee wa Kiafrika aliyefariki mwaka 1966. Kwa waumini, huyo alikuwa Bikira Maria mwenyewe, mama wa Yesu, aliyerudi duniani na kuwatokea watu wake. Wako wanaoyaunganisha haya na matokeo ya Fatima, Ureno, ya mwaka 1917. Wanasema ile siri ya tatu ya Fatima, iliyofichwa kwa miongo mingi, ilihusu Masihi kuja Afrika. Vatikano ilichapisha siri hiyo mwaka 2000, na maandishi yake hayataji jambo hilo. Muumini wa Legio atakujibu kwamba hawakutoa yote.

Kwa nini fundisho hilo liliwaingia watu? Kumbuka makanisa ya wakati ule yalivyokuwa. Sanamu ya Yesu ni nyeupe, ya mama yake ni nyeupe, malaika wote weupe, na katika picha za katekisimu aliyechorwa mweusi ni shetani. Askofu ni Mzungu. Halafu nchi inapata uhuru, bendera ya mkoloni inashushwa, mtu anakwenda kanisani Jumapili inayofuata na kukuta mbinguni bado hakuna anayefanana naye. Swali la Mungu ana sura ya nani halikuwa la Wajaluo peke yao. Huko Kongo, mwaka 1921, Simon Kimbangu alihubiri na kuponya kwa miezi michache tu, Wabelgiji wakamfunga mpaka akafia gerezani mwaka 1951. Kanisa lililobeba jina lake lina waumini wengi hadi leo, nalo limempandisha juu ya cheo cha nabii.

Mkatoliki, Mlutheri, Mwanglikana au Mpentekoste atasema, na atasema kwa nguvu, kwamba Kristo ni mmoja na Injili yenyewe imeonya juu ya watakaokuja kwa jina lake. Hilo ni pingamizi la imani na lina uzito wake wote. Waumini wa Legio wanajibu kwamba hata watu wa Nazareti walimtazama Yesu wakamwona fundi seremala tu. Mjadala huo hautaisha leo, na mimi ninayeandika niko upande wa makanisa ya zamani. Ninachokataa ni kumgeuza mtu kuwa mhalifu kwa sababu amejibu swali hilo tofauti nami.

Ndani ya ibada yao

Niliwahi kuhudhuria ibada yao kwenye jengo la mabati nje kidogo ya mji. Kitu cha kwanza unachokutana nacho ni viatu. Vimepangwa nje kwa mistari, kandambili za watoto kwa viatu vya wazee, kwa kuwa ndani watu hukanyaga ardhi peku kama Musa mbele ya kichaka. Wanaume upande huu, wanawake upande ule, vitambaa vichwani. Altareni kuna mishumaa, sanamu, maji ya baraka na picha ya Simeo. Ubani unakaba koo. Padri, amewapa watu mgongo na kuikabili altare, anaimba "Dominus vobiscum", na bibi kizee aliyekaa chini karibu nami, mikono ya mtu aliyelima maisha yake yote, anaitikia "et cum spiritu tuo" bila kukwama. Wimbo unaofuata ni wa Kijaluo, mahubiri yanakuja kwa Kiswahili, sala zinarudi kwenye Kilatini.

Kilatini hicho ndicho kinachowafanya wengine waseme ni maneno ya kishetani. Ni Kilatini cha misa ya Kikatoliki. Kanisa la Legio lilizaliwa wakati Mtaguso wa Pili wa Vatikano, 1962 mpaka 1965, unaamua kwamba misa inaweza kusaliwa kwa lugha za watu. Parokia zetu zikahamia Kiswahili. Legio Maria walikuwa wameshaondoka, na waliondoka na misa waliyoikuta. Babu yako aliyebatizwa Bukumbi au Kagunguli alisikia maneno hayohayo kila Jumapili na hakuna aliyemwita mchawi.

Rangi za kanzu nazo zina maelezo. Muumini huoneshwa rangi yake katika ndoto au maono, na rangi hiyo huhusishwa na mtakatifu au malaika anayemlinda. Ndiyo maana hawavai sare. Ukiona wamekaa pamoja, kijani, zambarau, nyeupe, njano, kila kanzu ni habari ya mtu na usiku wake. Wanakataa pombe na tumbaku, na katika mitaa yetu hilo si jambo dogo.

Kuna jambo linalonihuzunisha katika historia yao na sitalipita kimya. Harakati iliyowashwa na mwanamke aliyesimama mbele ya umati na kubatiza iliishia kuwa kanisa ambalo upadri ni wa wanaume. Aoko mwenyewe alitengana na uongozi kabla miaka ya 1960 haijaisha. Wanawake waliendelea kuwa wengi ibadani, wenye maono, waombeaji wa wagonjwa, lakini altare ilifungwa. Mengi ya makanisa yetu yana historia ya namna hiyo, kwa hiyo hatuna mahali pa kuwachekea.

Maombi na hospitali

Legio Maria ni kanisa la uponyaji tangu siku ya kwanza. Mgonjwa huletwa, husaliwa, hunyunyiziwa maji ya baraka, huwekewa mikono na msalaba. Ikionekana ni pepo mchafu, hukemewa. Ndoto husimuliwa na kufasiriwa. Mtu wa makanisa ya kilokole hatashangaa sana, tofauti ni kwamba huyu anashika rozari na yule anashika kipaza sauti.

Je, wanakataa hospitali? Wapo wanaotanguliza maombi na kuchelewa, na wapo utakaowakuta Bugando wamepanga foleni na kadi zao kama wewe. Kuchelewa huko ndiko kwa kuogopwa, hasa mgonjwa akiwa mtoto mwenye homa kali au mjamzito anayetoka damu, na kiongozi yeyote wa dini anayemshikilia mgonjwa wa namna hiyo kanisani anastahili kuulizwa na dola, avae kanzu au suti. Lakini tusijifanye sisi tumevuka hapo. Mwaka 2011 Tanzania nzima ilimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Magari yalitoka Mwanza usiku na mchana. Wakatoliki walikuwemo, Waislamu walikuwemo, wasomi na wanasiasa walikuwemo, na wagonjwa waliotolewa wodini walikuwemo.

Hatari nyingine ni ya unabii. Kanisa linaloamini kwamba ubaya wa kiroho unaua likipata mtu mwenye maono asiye na hekima, anaweza kumtaja jirani kwa jina. Hapo ile ramli iliyofukuzwa mlangoni inakuwa imerudi kwa dirishani. Sheria yetu ya Uchawi, ambayo ni ya tangu mwaka 1928, inamhusu anayemtuhumu mwenzake uchawi bila kujali amemtuhumu akiwa na tunguli au rozari. Kama una jirani wa Legio na unataka kumuuliza swali la maana, muulize hili: nabii wenu akiona adui katika maono, anamtaja? Wazee wenye busara watakwambia wao humwombea mgonjwa na kumwachia Mungu mengine.

Kanungu ilitoka ukoo huohuo

Sasa turudi kwa Shakahola. Wengi wanauliza: tutajuaje kwamba hawa nao hawatafika huko? Ni swali zuri, na jibu lake lipo kwenye tukio la karibu zaidi na Legio kuliko Shakahola.

Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo la ibada lililofungwa. Baadaye makaburi ya watu wengine wengi yakafukuliwa kwenye nyumba za viongozi wao. Kundi hilo liliitwa Harakati ya Kurejesha Amri Kumi za Mungu. Liliongozwa na Credonia Mwerinde, Joseph Kibwetere na padri aliyeasi, Dominic Kataribabo. Walikuwa Wakatoliki. Walianza kwa maono ya Bikira Maria. Walivaa mavazi yao ya pekee. Kwa mtu anayepima kwa macho, Kanungu na Legio Maria ni ndugu wa tumbo moja.

Tazama basi mahali njia zilipoachana. Kule Kanungu waumini waliuza ardhi na mifugo, fedha zikaenda kwa viongozi. Walihamia kwenye kambi moja. Mume alitengwa na mke, watoto wakatengwa na wazazi. Kuzungumza kulizuiwa, wakawasiliana kwa ishara, na watu wasiozungumza hawawezi kugundua kwamba wote wana shaka. Mwisho wa dunia ulipangiwa tarehe, 31 Desemba 1999. Siku ilipopita na jua likachomoza, waliouza mali zao walianza kuuliza ziko wapi. Miezi mitatu haikupita kabla ya moto.

Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilikuwa na sura hiyohiyo ingawa mafundisho yalikuwa tofauti kabisa. Wafuasi wa Paul Mackenzie, ambaye amekana mashtaka yanayomkabili mahakamani, waliacha shule, wakaacha hospitali, wakahamia msituni mbali na ndugu, na mfungo ukatangazwa kuwa njia ya kukutana na Yesu. Miili iliyofukuliwa ilizidi 400, wakiwemo watoto wengi. Pale hapakuwa na Kilatini, wala rozari, wala kanzu za rangi. Mackenzie alitoka katika mahubiri ya kawaida ya runinga na mikanda, ya namna ambayo wengi wetu tunayasikiliza tukiosha vyombo.

Legio Maria wamekuwepo tangu miaka ya 1960. Waumini wao wanaishi nyumbani kwao, wanavua, wanauza dagaa, wanaendesha bodaboda, wanapeleka watoto shule za serikali. Jirani asiye wa imani yao anakula naye msibani. Ndoto na maono wanayo mengi, lakini muumini akimaliza ibada anavaa viatu vyake na kurudi mtaani, ambako kuna shangazi Mwislamu, mjumbe wa nyumba kumi na mwalimu wa mtoto wake. Watu hao wote ni macho. Kanungu ilianza kwa kuyafumba macho hayo, na kundi lolote la Legio litakaloanza kukusanya watu kambini, kuwauzisha viwanja na kuwakataza kuongea na ndugu, hapo litakuwa limeingia njia nyingine, na jina la zamani lisilikinge. Ndiyo sababu habari za Opapo zinapaswa kufuatiliwa kwa makini badala ya kumwagwa juu ya kila mwenye kanzu.

Kuhusu Freemason sina mengi. Hicho ni chama cha watu kilichoanzia Uingereza, hakina misa, hakina rozari, hakimfahamu Simeo Ondeto. Neno hilo hapa kwetu limekuwa la kumtupia yeyote mwenye mali au mavazi tusiyoyaelewa.

Madai kwamba kanisa lao lina siri ya mali nayo hayalingani na hali halisi. Jambo linalowasumbua ni ugomvi wa uongozi. Baada ya Simeo kufariki walikuwa na mapapa kadhaa, na katika miaka ya karibuni pande zimegombania nani papa halali na nani mwenye haki juu ya Got Kwer, mlima wa hija ulioko Migori ambako Simeo amezikwa. Kwa hiyo mahujaji wanaopita Sirari wanaweza kuwa wa kanisa moja kwa imani na wa mapapa wawili kwa utii.

Kwa wenye jamaa ndani ya kanisa hilo

Kwa sheria yetu, ibara ya 19 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kuabudu na wa kubadili dini. Jumuiya za dini husajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani. Ukiwa na wasiwasi na kituo fulani cha ibada, cha Legio au cha wengine, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa ukaulize kimesajiliwa kwa jina gani na nani kiongozi wake. Mtoto akizuiwa kwenda shule au kliniki, hapo hakuna tena habari ya usajili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inahusika, na ofisi ya ustawi wa jamii na dawati la jinsia la polisi ndiko pa kwenda siku hiyohiyo.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni la ndoa. Binti Mkatoliki wa Nyakato amempata kijana wa Legio kutoka Rorya, kijana hanywi, hapigi, anafanya kazi, na wazazi wamegawanyika. Kwanza, mchumba kujua kusali rozari kusiwafanye mdhani ni Mkatoliki. Roma haiwatambui mapadri wa Legio, na ubatizo wake utahitaji kuchunguzwa na paroko. Mwendeeni paroko kabla ya posa, maana baada ya mahari kupokewa kila jibu litaonekana ni tusi. Pili, wenyewe wawili wakae chini waulizane mambo matatu kwa majina yake: watoto watabatizwa wapi, mtoto akiugua usiku nani ataamua kwenda hospitali, na kama ndoa hii ni ya mke mmoja, kwa kuwa kanisa la kijana halijawahi kumfungia mlango mwenye wake wawili. La tatu hili msichana asione haya kulisema mwenyewe, mbele ya wazee wa pande zote mbili.